Rangi Isiyokubali Haraka: Picha ya Tingatinga Inavyotengenezwa

Wanaoeleza picha za Tingatinga huanza na wanyama: chui, tembo, kanga, twiga aliyepindishwa shingo ili aenee ndani ya mraba. Mimi ningeanzia dukani, kwenye rafu ya rangi za mafuta. Kopo lile likishanunuliwa, mengi yameshaamuliwa: mchoraji atapiga mistari ya namna gani, atamaliza picha ngapi kwa wiki, na hata siku gani atakula vizuri na siku gani atakopa.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Mwaka 1972 risasi ya polisi ilimpata kimakosa akafariki. Katika muda huo mfupi aliacha mtindo mzima. Alitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ileile inayopakwa baiskeli, juu ya hadibodi, na mkewe Agatha akiziuza picha nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Nyingi zina ukubwa wa takriban sentimita 60 kwa 60, yaani futi 2 kwa 2. Piga hesabu ya seremala: shiti moja ya hadibodi ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya kipimo hicho bila kubaki hata ukanda. Kwa mtu anayenunua vifaa kwa fedha ya mfukoni, hesabu hiyo si ndogo.

Sasa rangi yenyewe. Rangi ya maji hukauka maji yakishapaa, basi. Rangi ya mafuta hupita hatua mbili: kwanza tapentaini au mafuta ya taa yaliyoizimua hupaa, kisha mafuta yaliyomo huvuta oksijeni ya hewani na kushikana polepole mpaka yawe ganda gumu. Ndiyo sababu kopo lililoachwa wazi hufanya utando juu, huku chini rangi ingali majimaji. Ubaoni mambo ni yaleyale. Ukipaka mkono mzito, juu hutangulia kukauka, chini hubaki kubichi, na kesho yake uso wote umejikunja. Mzoefu hupaka mkono mwembamba, akasubiri saa 16 hadi 24, ndipo akarudia.

Kazi huanza na nyuma ya picha. Akitaka machweo, mchoraji hupaka njano chini, rangi ya chungwa katikati na nyekundu juu, zote zikiwa mbichi, kisha hupitisha brashi pana iliyo karibu kukauka, kwa ulalo, mara nyingi na kwa mkono mwepesi, mpaka mipaka ipotee. Hapo ukaidi wa rangi ya mafuta unageuka kuwa msaada: rangi ya maji ingekuwa imeshakauka kabla brashi haijafika upande wa pili. Tingatinga mwenyewe mara nyingi aliweka rangi moja tu nyuma na mnyama mmoja mbele. Machweo haya yalishamiri kwa waliomfuata. Ubao ukishapata nyuma yake huwekwa kando, na siku hiyo haugusiki tena. Kesho yake umbo la mnyama huchorwa kwa chaki na kujazwa rangi bapa. Kisha ni kusubiri tena.

Ndipo yanapokuja matone, na hapa ningeomba msomaji asogeze macho karibu kabisa na picha. Tazama doa moja la mgongo wa chui. Kingo zake ni safi, uso wake umeinuka kidogo, na hakuna alama ya unywele wa brashi. Rangi ya namna hii imetengenezwa ijisawazishe yenyewe ili baiskeli au mlango ung'ae bila michirizi. Mchoraji anaichukua sifa hiyo na kuipa kazi nyingine: anagusa kwa ncha ya brashi au kijiti, anainua mkono, na tone linajiviringa lenyewe. Lakini lazima lililo chini yake liwe limekauka sawasawa. Likiwa bado bichi, tone hutawanyika, na kufuta ni kuharibu na mgongo wote. Doa jeupe ndani ya doa jeusi linataka siku yake nyingine. Kwa hiyo chui mwenye madoa ya tabaka tatu amekaa ukutani siku kadhaa, hata kama saa ambazo mkono wa mchoraji ulimgusa ni chache.

Mchoraji anayetegemea picha moja moja atalala njaa. Anachofanya ni kuandaa mbao nyingi kwa pamoja: leo zote zinapata nyuma, kesho zote zinapata maumbo, keshokutwa matone. Mgeni naye anaingia karakanani mchana, ndege yake ni kesho usiku, na anataka picha ya familia yake chini ya mbuyu. Rangi haikubali. Anachoweza kuuziwa ni kilichokwisha kukauka, na kilichokwisha kukauka ni kile ambacho mchoraji alikisia wiki zilizopita kwamba kitanunuliwa: simba, Mlima Kilimanjaro, Wamasai wamejipanga mstari. Lawama kwamba wachoraji wa Tingatinga wanarudia mambo yaleyale nimeisikia mara nyingi, na naiona imeelekezwa pasipostahili. Kila picha iliyo ukutani ni fedha ya hadibodi na rangi ambayo haijarudi, na mwenye mtaji mdogo hawezi kuufungia kwenye wazo ambalo huenda lisipate mnunuzi.

Masika humpiga mchoraji mara mbili. Kati ya Machi na Mei hewa ya Dar es Salaam hujaa unyevu, rangi huchelewa kukauka, na wakati huohuo wageni hupungua. Mwenye akiba hutumia miezi hiyo kujaza ukuta akingojea Juni. Asiye nayo huziuza picha kwa jumla kwa mwenye duka, kwa bei inayorudisha rangi na chakula tu, halafu msimu wa wageni unamkuta ukuta mtupu. Mwaka 2020 masika hiyo ilikuwa kama ya mwaka mzima: watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000. Ushirika walioanzisha wachoraji mwaka 1990, hapo hapo Oysterbay, unawapa mahali pa kufanyia kazi na jina la pamoja, lakini kukauka kwa rangi na kuja kwa wageni haviko mikononi mwake.

Badiliko kubwa la kiufundi ni kuhama kutoka hadibodi kwenda kitambaa. Sababu ni sanduku la msafiri: ubao wa futi 2 hauingii, kitambaa hukunjwa kama mkeka. Soko lilipanuka, lakini ganda la rangi ya mafuta ni gumu na halipendi kupindwa, na kitambaa kazi yake ni kupinda. Mkono wa rangi ukiwa mwembamba, hatari hupungua. Ukiwa mzito, nyufa zitatokea.

Basi ukienda kununua, kama unataka picha yako mwenyewe, agiza mapema na lipa sehemu ya fedha siku hiyohiyo, kwa sababu malipo hayo ndiyo yatakayonunua rangi. Gusa pembe ya picha kwa kidole. Ikinata, iache siku mbili zaidi. Ikibidi kuikunja, uso wa rangi uwe nje, na usiifunge kwa gazeti, maana gazeti litagandia kwenye rangi na kuacha wino.