Siki, magadi na zeolaiti: ushauri wa harufu ya mbwa uliosahau hewa ya Kimbiji

Ukimuuliza muuzaji wa nyasi bandia afanyeje mtu mwenye mbwa, utapewa orodha ileile unayoikuta kwenye vipeperushi na video zote: mwagia siki, nyunyiza bekingi soda, tandaza zeolaiti, nunua dawa ya vimeng'enya, osha kila wiki. Orodha inasikika ya kisayansi. Leo tuipitie kipengele kimoja kimoja tukiwa na kemia ya kidato cha nne mkononi, kwa sababu kuna watu wanaitolea pesa na harufu inabaki palepale.

Nimechagua Kimbiji kuwa mfano. Iko kusini mwa Kigamboni, kwenye ufuko wa Bahari ya Hindi, eneo lililokuwa Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya. Watu wamenunua viwanja, wamejenga, wameweka mbwa wa ulinzi. Udongo ni mchanga, na ukoka kwenye mchanga hunyauka haraka kiangazi kikikaza, hasa kama maji yenyewe unanunua kwa boza. Hapo ndipo nyasi za plastiki zinapovutia: kijani mwaka mzima, hazifyekwi, hazimwagiliwi. Wapenzi wa mpira walizizoea siku nyingi, kuanzia Nyamagana kule Mwanza hadi Kaitaba, Bukoba. Ila uwanja wa mpira umejengewa tabaka za kokoto na njia za kutoa maji, na hakuna mbwa anayeukojolea kila usiku.

Harufu inatoka wapi hasa?

Mkojo wa mbwa ukitoka haunuki sana. Ndani yake kuna urea, na urea yenyewe haina harufu kali. Bakteria waliojaa kwenye uchafu wana kimeng'enya kiitwacho yurease. Kinaivunja urea kuwa amonia na kaboni dayoksaidi. Kwenye joto la pwani, kazi hiyo huanza ndani ya saa chache.

Amonia nayo ina sura mbili. Ikiwa imeshika haidrojeni ya ziada inakuwa amoniamu, ambayo hukaa kwenye maji na hainuki. Ikiwa peke yake ni gesi, na hiyo ndiyo inayokupiga puani. Kinachoamua ni pH. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, chini ya 1% iko katika sura ya gesi. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Ubaya ni kwamba urea inapovunjika hupandisha pH yenyewe, mpaka karibu na 9. Yaani mkojo uliokaa unajitengenezea mazingira ya kunuka.

Kwenye udongo wenye ukoka, bakteria wengine huigeuza amoniamu kuwa nitrati na mizizi ikainyonya. Plastiki haina mizizi. Nyuzi zake zimeshonwa kwenye kitambaa kilichopakwa mpira kwa chini, chenye vitundu vya kutolea maji, na juu humwagwa mchanga wa kuzisimamisha nyuzi. Kati ya kitundu na kitundu mkojo unabaki.

Siki

Hii ina ukweli. Siki ni asidi, inashusha pH, gesi inageuka amoniamu na harufu inapotea mbele ya macho yako. Ila nitrojeni yote bado ipo palepale. Bakteria wataila asetati iliyobaki, pH itapanda tena, na amonia itarudi. Siki ina maana kama baada yake unamwaga maji mengi yenye pa kwenda. Bila hivyo umeahirisha tu.

Bekingi soda

Hapa ushauri unapotea njia kabisa. Soda hii inasaidia kwenye harufu za asidi, kama ile ya jasho au maziwa yaliyoganda. Amonia ni besi. Maji yenye bekingi soda yana pH ya karibu 8.3. Ukiimwaga kwenye mkojo mbichi wenye pH 6 au 7, unaipandisha na kuisaidia amonia itoke. Mkojo uliokwisha kufika 9 unaweza kushushwa kidogo, basi. Kuna watu wanaobadilisha na kuweka magadi, yale ya kulainishia maharage. Hayo ni makali zaidi. Kumbuka maabara ya shule: ili kutambua chumvi ya amoniamu, mwalimu aliipasha moto pamoja na besi, harufu ikajaa darasani. Sasa fikiria kapeti la plastiki kwenye jua la Februari, lililomwagiwa magadi. Ni jaribio lilelile, kwa ukubwa wa uwanja.

Na wale wanaochanganya siki na bekingi soda kwa sababu povu lake linaonekana kufanya kazi: povu ni kaboni dayoksaidi. Asidi imeua besi, besi imeua asidi, wewe umebaki na maji ya chumvi.

Klorini

Orodha nyingi haziitaji, lakini nyumba nyingi zinaitumia: dawa ya kufulia nguo nyeupe. Usiimwage kwenye mkojo. Klorini ikikutana na amonia hutengeneza kloramini, gesi zinazochoma macho na mapafu. Banda la mbwa lenye ukuta pande tatu ni mahali pabaya kabisa pa kufanyia kosa hilo.

Zeolaiti

Hiki ndicho kipengele chenye sayansi nzuri na hesabu mbaya. Zeolaiti ni madini yenye vyumba vidogo vinavyoshika amoniamu na kuachia sodiamu au kalsiamu. Si jambo geni kwetu. Matabaka ya majivu ya volkano pale Olduvai yana zeolaiti, na wanajiolojia wamezichunguza kwa miongo. Inafanya kazi kweli.

Swali ni kwa muda gani. Chukua mbwa wa kilo 20 anayekojoa nusu lita kwa siku, na tukadirie kwa kujibana kwamba kila lita ina gramu 20 za urea. Hiyo ni gramu 10 za urea kwa siku. Kila gramu ya urea hutoa takriban gramu 0.57 za amonia, kwa hiyo tuna gramu 5.7. Sasa tuseme gramu moja ya zeolaiti inashika miligramu 10, kiasi cha kawaida. Utahitaji gramu 570 za zeolaiti kwa siku moja. Mfuko wa kilo 20 unajaa ndani ya siku 35, na hapo tumedhani kila tone limekutana na kila punje. Mbwa wawili, siku 17. Hesabu ni ya mfano, wa kwako atatofautiana, lakini ukubwa wa tatizo ndio huo.

Utaambiwa mvua itaisafisha. Zeolaiti haisafishwi kwa maji matupu, kwa sababu inabadilishana ioni. Ili iachie amoniamu lazima uipe ioni nyingine kwa wingi, na ndiyo maana mitambo ya kusafisha maji hutumia maji ya chumvi. Mvua ya masika haina chumvi ya kutosha. Kwa hiyo unaponunua, usiulize tu kama inafanya kazi. Uliza inajaa lini, na ikijaa naifufuaje.

Dawa za vimeng'enya

Hizi hutangazwa kuwa zinakula "fuwele za asidi ya yuriki". Hebu tusimame hapo. Sisi binadamu tunatoa asidi ya yuriki kwa sababu hatuna kimeng'enya cha kuivunja. Mbwa wengi wanacho, na huigeuza kuwa alantoini, inayoyeyuka kwa urahisi. Dalmatian ndio mashuhuri kwa kuwa tofauti. Kwa hiyo adui anayetajwa kwenye chupa, kwa mbwa wako wa ulinzi, ni mdogo sana. Tena kimeng'enya kinachovunja urea ndicho kilekile kinachotengeneza amonia.

Kwa haki, dawa zenye bakteria hai wanaogeuza amonia kuwa nitrati zina mantiki, na unyevu wetu unawafaa. Lakini wanahitaji hewa na muda, na wanakufa ukiwamwagia klorini Jumamosi.

Kinachokosekana kwenye orodha yote

Nyasi hizi za nyumbani zilishika kasi sana kusini mwa California na Arizona, kwenye ukame, na ushauri mwingi ulizaliwa na soko la huko. Kule hewa ni kavu. Mkojo unakauka, urea inalala kama chumvi, na bakteria wasio na maji hawafanyi kazi. Kuosha mara moja kwa wiki kunaweza kutosha.

Sasa muulize mkulima yeyote kinachotokea mfuko wa mbolea ya urea ukiachwa wazi. Unaloa wenyewe. Kwenye nyuzi 30, urea huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukipita takriban 73%, na ikichanganyika na chumvi nyingine huanza mapema zaidi. Pwani yetu asubuhi nyingi hupita 80%. Maana yake ni kwamba urea iliyo chini ya nyasi zako Kimbiji haikauki kikamilifu. Usiku inaloa bila mtu kuimwagia chochote, na bakteria wanaendelea na kazi. Jua likipanda, plastiki inapata joto kuliko hewa, inaweza kupita nyuzi 60, na gesi inatoka. Mchana upepo wa bahari unaipeleka bara, kwa jirani. Hata ile harufu inayolipuka siku ya kwanza ya jua baada ya mvua inaelezeka hivyo: mvua imelowesha mabaki bila kuyaondoa.

Kwa hiyo lawama yangu kwa ushauri huu ni kwamba unatibu hewa, wakati tatizo ni maji yasiyoondoka. Mafundi wengi hutandika nyasi juu ya zege au pevingi iliyo bapa, kisha mwenye nyumba anauziwa dawa mwaka mzima. Hakuna dawa inayoshinda sakafu isiyo na mteremko.

Mpangilio ninaoona una maana ni huu. Kwanza mteremko, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na kokoto iliyoshindiliwa chini badala ya zege. Pili, maji siku hiyohiyo, kabla yurease haijamaliza kazi. Ndoo nusu kwenye sehemu mbwa anayoipenda ni bora kuliko boza zima Jumapili. Tatu, siki iliyozimuliwa pale panaponuka, ikifuatwa na maji. Zeolaiti na bakteria ni nyongeza ya mwisho, kwa anayekubali gharama ya kuzirudia.

Halafu kuna swali ambalo vipeperushi haviligusi: maji hayo ya kuoshea yanakwenda wapi? Jina la Kimbiji wahandisi wa maji wanalijua kwa hifadhi yake kubwa ya maji chini ya ardhi, ambako DAWASA ilichimba visima virefu vya mradi wa Kimbiji na Mpera. Hivyo ni virefu. Kisima kifupi cha uani kwako ni habari nyingine, maana mchanga hupitisha maji haraka. Gramu 10 zetu za urea, zikigeuka nitrati zote, zinakuwa kama gramu 20, kiasi kinachotosha kufikisha lita 400 za maji safi kwenye kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 50 kwa lita. Si zote zitafika chini, na mbwa mmoja hafikii vyoo vya shimo vya mtaa. Lakini usielekeze mteremko wako kisimani. Uelekeze kwenye migomba, ambayo nitrojeni kwake ni chakula.

Na kama bado hujanunua, fikiria kumwachia mbwa kona yake ya mchanga au ukoka, plastiki ibaki mahali asipofika. Mbwa hufundishika kwenda mahali pamoja, na kona ya mchanga unaweza kuichota na kuibadilisha kwa koleo.

Kama tayari umenunua, fanya majaribio mawili kabla ya kutoa shilingi nyingine. Mwaga ndoo ya lita 10 mahali panaponuka na uangalie saa: maji yakiwa bado yanasimama baada ya dakika chache, tatizo lako ni la fundi. Kisha inua kona ya nyasi na unuse chini yake, halafu unuse juu kwenye nyuzi. Kukinuka zaidi chini, hakuna chupa ya kupulizia juu itakayokusaidia.