Lami Moja, Vitu Viwili

Barabara ya Vigwaza hadi Kwala, iendayo kwenye bandari kavu iliyozinduliwa Julai 2025, ni ya zege. Hapo mfasiri hapati taabu: saruji ni kiunganishi, zege ni mchanganyiko. Katika lami taabu ipo, kwani neno hilo moja hubeba yote mawili. Aandikapo mtu kwamba "polima hutiwa katika lami", fundi hajui kama aitie katika kiunganishi kabla, au mtamboni pamoja na kokoto za moto. Na hizo ni kazi mbili. Heri "lami" ibaki jina la kiunganishi, na kitandazwacho kiitwe "mchanganyiko wa lami", japo ni kirefu.

Kibaya zaidi ni "lami isiyopenya maji". Maji hupenya, hasa masika. Hatari ni yajipenyeze kati ya jiwe na lami, hata lami ibanduke na mashimo yazuke chini ya malori. Polima huweza kuimarisha mshikamano huo. Haigeuzi barabara kuwa mtungi. Tuseme "ukinzani wa unyevu", na tendo lenyewe "kubanduka", neno alijualo kila mpaka rangi. Chokaa nayo hutiwa kwa kusudi hilo hilo, wala si polima. Kuiita hivyo katika hati ya zabuni ni kuagiza bidhaa nyingine.