Alama Isiyofichika

Kidole kinachodungwa ni cha pete, cha mkono wa kushoto, na hudungwa pembeni mwa ncha, si katikati. Katika maabara ya hospitali mjini Bondo, mama amempakata mwanawe anayechemka homa tangu usiku. Mtaalamu wa maabara, ambaye wagonjwa wote humwita daktari, anakipangusa kidole kwa pamba yenye spiriti, kisha anangoja spiriti ikauke. "Mshike mkono hapa, mama, asiuvute." Anadunga mara moja. Tone la kwanza analifuta kwa pamba kavu. Tone la pili ndilo analolitaka, nalo analipokea kwenye slaidi bila kukigusisha kioo kwenye ngozi.

Slaidi moja hubeba kazi mbili. Upande mmoja ni tone nene: damu inazungushwa kwa pembe ya slaidi nyingine mpaka iwe duara la upana wa sentimita moja hivi. Likiwa sawasawa, maandishi ya gazeti lililowekwa chini ya kioo yatasomeka kupitia damu. Upande wa pili ni tone jembamba: ukingo wa slaidi nyingine unainamishwa kwa nyuzi 45, unaiacha damu itambae hadi pembeni, kisha unasukumwa mbele kwa mwendo mmoja usiosita. Mkono ukisita, michirizi hutokea. Ukienda sawa, damu hupungua taratibu hadi mwishoni, ambako chembe nyekundu hulala moja moja bila kupandana.

Sasa ni kusubiri. Slaidi inalazwa mahali tambarare ikaushwe na hewa tu. Joto lina haraka yake, lakini hugandisha damu ya tone nene na kuiharibu. Tone jembamba likishakauka linaguswa na methanoli ili chembe zibaki na umbo lake. Tone nene halitakiwi kuguswa na methanoli hata kwa mvuke, kwa sababu chembe zake nyekundu zinapaswa kupasuka zikikutana na maji ya rangi, ili vimelea vilivyofichwa ndani yake vibaki wazi juu ya kioo.

Rangi yenyewe ni ya Giemsa, iliyopewa jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg aliyeeleza namna ya kuitengeneza mwaka 1904. Huchanganywa na maji yenye pH ya 7.2. Asidi ikizidi, rangi haziachani vizuri, na msomaji hukosa kitu cha kushika. Ikiwa mchanganyiko ni wa asilimia 10, slaidi hukaa ndani yake kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Ukiwa wa asilimia 3, huchukua muda mrefu zaidi, lakini matokeo yake ni safi. Mtaalamu haimwagi rangi kisha akasuuza. Anaisukuma itoke kwa maji yanayoingia polepole upande mmoja, ili utando unaoelea juu usishuke ukaganda kwenye damu. Kisha anaisimamisha slaidi ikauke tena.

Anadondosha tone la mafuta, anashusha lenzi ya 100 mpaka iguse mafuta, anageuza skrubu ndogo kwa ncha za vidole. Damu iliyokuwa doa la zambarau sasa imekuzwa mara 1,000. Viini vya chembe nyeupe ni vya zambarau iliyokolea. Kimelea cha malaria, mara nyingi hapa Plasmodium falciparum, ni kipete cha samawati chenye nukta nyekundu, pengine mbili. Uchafu wa rangi nao una nukta nyekundu, lakini hauna samawati pembeni. Ndiyo maana jicho lake halitulii juu ya nukta, linatafuta rangi zote mbili katika umbo moja. Anasogeza slaidi duara kwa duara, mstari kwa mstari, bila kuruka wala kurudia.

Kuna kitu kingine anachokitazama: punje za hudhurungi iliyokaribia weusi. Kimelea kikiwa ndani ya chembe nyekundu hula hemoglobini, na mabaki ya mlo huo, yaani hemu, ni sumu kwake chenyewe. Hakina pa kuitupa, basi huigandisha kuwa fuwele ya hemozoini. Punje hizo ndizo alizokuwa akizifuatilia daktari Mfaransa Alphonse Laveran huko Constantine, Algeria, mwezi Novemba 1880, alipovikuta vimelea kwa mara ya kwanza katika damu ya askari mgonjwa.

Katika slaidi ya mtoto huyu, baadhi ya punje hizo zimo ndani ya chembe nyeupe. Hapo mtaalamu anapunguza mwendo. Anaangalia monositi, chembe kubwa yenye kiini kilichopinda, iliyojaa madoa meusi. Kabla kidole hakijadungwa, kabla rangi haijachanganywa, chembe hii ilikwisha kuisoma damu hiyo hiyo na kumtambua mgeni.

Nayo ina ufundi wake. Chembe nyekundu zilizojaa vimelea hupasuka, kwa falciparum takriban kila saa 48, na kumwaga vimelea vipya pamoja na punje zile. Juu ya ngozi ya monositi kuna vipokezi vinavyopapasa kila kinachopita. Kimoja, TLR2, hushika mafuta yenye sukari ambayo kimelea hutumia kuzishikilia protini zake kwenye utando wake wa nje. Kingine, TLR9, hakikai nje. Kinangoja ndani, katika vifuko ambamo chembe husaga ilichomeza, na utafiti unaonyesha kwamba DNA ya kimelea iliyong'ang'ania punje za hemozoini hukifikia humo. Kipokezi kikishika, ishara hupokezwa hadi kwenye kiini, chembe hutoa kemikali za kuita wenzake, na ubongo hupandisha kiwango cha joto la mwili. Mtetemeko uliomwamsha mama usiku ulianzia hapo.

Chembe hii haijawahi kufundishwa malaria. Mwaka 1989 mwanasayansi Mmarekani Charles Janeway alitoa hoja kwamba kinga ya kuzaliwa haimtambui kila adui kwa jina lake. Hutafuta alama chache ambazo makundi mazima ya vijidudu hayawezi kuishi bila kuwa nazo. Mwizi hubadili shati, lakini mwendo wake haubadili. Ushahidi ulifuata: Jules Hoffmann na wenzake walionyesha mwaka 1996 kazi ya jeni ya Toll katika kinga ya nzi wa matunda, na mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler likaonyesha kwamba TLR4 ya panya, jamaa ya Toll hiyo, ndiyo inayotambua sumu ya ukuta wa bakteria. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Uzito wa hoja ya Janeway unaonekana mezani papa hapa, penye kasha la vipimo vya haraka. Vipimo vingi vya aina hiyo hutafuta protini moja ya falciparum iitwayo HRP2. Kimelea kinaweza kuishi bila hiyo. Vimelea vilivyokosa jeni yake viligunduliwa Peru, kisha Eritrea, na huko kipimo kilikuwa kikisema hakuna ugonjwa ilhali mgonjwa anaungua. Lakini hakuna kimelea kitakachokula hemoglobini bila kubaki na hemu ya kuizika. Jicho kwenye hadubini na kipokezi ndani ya monositi vimechagua alama iliyo ngumu kuachwa.

Vipokezi vya aina hii hutumiwa pia na chanjo. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa katika vituo kumi na kimoja vya Afrika, vikiwemo Siaya na Kombewa kandokando ya Ziwa Victoria, ina kiambata kilichotokana na mafuta ya ukuta wa bakteria, yaliyopunguzwa ukali. Kazi yake ni kuigusa TLR4 ili kinga iamke na kuisikiliza chanjo.

Mtaalamu sasa anahesabu. Mkono wa kushoto uko kwenye kihesabio, wa kulia kwenye skrubu. Anahesabu vimelea na chembe nyeupe pamoja, mpaka chembe nyeupe zifike 200, au 500 ikiwa vimelea ni vichache. Akipata vimelea 450 kwa chembe nyeupe 200, anazidisha kwa 8,000, makadirio ya chembe nyeupe katika kila maikrolita ya damu, kisha anagawanya kwa 200: vimelea 18,000. Asipoona kitu, haandiki jibu mpaka amalize maduara 100 ya tone nene, hata foleni ikiwa imefika mlangoni.

Hesabu hiyo ndiyo kazi ambayo chembe nyeupe haiiwezi. Monositi hutambua haraka na kuitikia kwa nguvu, lakini haijui kiasi. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Siaya umehusisha monositi zilizojaa hemozoini na upungufu mkubwa wa damu, kwa kuwa kemikali zinazotoa huweza kudhoofisha utengenezaji wa chembe nyekundu kwenye uboho. Kutambua adui ni nusu ya ufundi. Nusu ya pili ni kupima, kwa sababu namba ndiyo itakayomsaidia daktari kuamua kama mtoto ataondoka na vidonge au atalazwa, na slaidi ya siku ya tatu ikisomwa kwa utaratibu ule ule ndiyo itakayoonyesha kama dawa inafanya kazi.