Mwongozo na Riwaya: Usomaji wa Vijana wa Kisumu

Hudaiwa mara kwa mara kwamba vijana hawasomi. Dai hili, kwa maoni yetu, limekosa shabaha. Mwanafunzi wa shule ya upili mjini Kisumu husoma, tena kwa bidii. Ila akisomacho ni mwongozo, kile kijitabu kinachomchambulia maudhui, wahusika na mbinu za sanaa za riwaya teule kabla hajaionja mwenyewe.

Chukua Kidagaa Kimemwozea (2012) ya marehemu Ken Walibora, iliyotahiniwa katika KCSE kwa miaka kadhaa. Ndani yake Mwalimu Majisifu anauiba mswada wa kijana Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Mtahiniwa huliorodhesha tukio hili chini ya "ufisadi", kwa maneno aliyoyakariri mwongozoni, kisha akayatia nambari yake ya mtihani. Kinaya kilichoje! Wala tusijitoe lawamani: baadhi ya miongozo hiyo tumeiandika sisi wahadhiri.

Uwezo wa kuhakiki, hata hivyo, vijana hawa wanao. Watajie Simbi Nyaima, ziwa dogo karibu na Kendu Bay, ambapo husimuliwa kwamba kijiji kizima kiligharikishwa kwa kumnyima kikongwe hifadhi. Papo hapo watazua hoja: mtoto mchanga alikosa nini? Mwanamke aliyemkirimu mgeni yule aliokolewa na wema au na bahati? Aliyeisikia ngano kwa nyanya yake haoni haya kumpinga aliyeisikia kwa mwalimu. Kuhusu Majisifu, darasa hilohilo hunyamaza, likingoja kusomewa jibu.