Muziki wa Kukodi

Mwaka 1999 Napster ilianza kuwawezesha vijana kupashana nyimbo bure kwa intaneti. Makampuni ya sahani za muziki yakapiga kelele: wezi! Mwaka 2001 ikafungwa kwa amri ya korti ya Marekani. Mwaka 2008 ikafunguliwa Spotify ya Uswidi, na wizi ule ukapungua kweli. Lakini makampuni makubwa yalikuwa yamekwisha kupata hisa ndani yake. Basi kwa mlango huu hayakulia. Sahani uliyoinunua uliweza kumwazima jirani, hata kumrithisha mwanao. Hapa unalipa miaka kumi, ukiacha huna hata wimbo mmoja mkononi. Na mwimbaji mdogo? Tangu 2024, wimbo usiosikilizwa mara 1,000 kwa mwaka haulipwi kitu. Fungu lake hugawiwa nyimbo nyingine, na korti haikuitwa.