Mizani Ikisema, Risiti Isikie

Msimu wa mavuno Kamsamba, mpunga haumwachi mtu alale. Magunia hushuka kwenye pikipiki na mikokoteni ya ng'ombe, mengine yamevuka Daraja la Momba kutoka Kilyamatundu, upande wa Rukwa, na mashine za kukoboa hunguruma mpaka giza liingie. Kwenye mojawapo niliombwa kazi ndogo: kompyuta moja, programu mbili. Ya kwanza isome mizani kupitia waya, ya pili ichape risiti na kutunza hesabu. Kuzifanya zisemezane nilikuona ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Nikapita njia ya mkato. Programu ya mizani iandike uzito kwenye faili, ya risiti ije isome. Siku za mwanzo mambo yalikwenda. Kisha mama mmoja akasimama mbele yangu, karatasi mkononi.

"Mwanangu, gunia hili nimehangaika nalo mwenyewe tangu shambani. Hizi kilo kumi zimetoka wapi?"

Mizani ilikuwa imesema 104. Tarakimu zilifika moja moja kupitia waya na kuandikwa vivyo hivyo. Programu ya risiti ikafungua faili kabla ya ile nne kuandikwa, ikachukua 10, ikachapa. Hakuna iliyodanganya. Moja ilikuwa haijamaliza kusema, nyingine haikuwa na namna ya kujua.

Tangu siku hiyo nawaheshimu sana mafundi wa kazi hii isiyoonekana. Mwaka 1964 Doug McIlroy wa Bell Labs, Marekani, aliandika kwamba programu ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani. Mwaka 1973 Ken Thompson akalitia wazo hilo ndani ya mfumo endeshi wa Unix kwa jina la bomba. Ni wazo zuri mno, ila bomba la namna hiyo hutiririsha tu, halijui neno linaishia wapi. Njia moja ni msemaji atangulize urefu wa ujumbe, kama karani wa ghala anayetangaza "magunia saba" kabla halijashuka hata moja, ili anayepokea asifunge kitabu kwenye la tano.

Wengi siku hizi hukimbilia anwani ya ndani, 127.0.0.1, programu zikaongea kana kwamba ziko kwenye mtandao. Kwa kazi kama yangu siipendi. Programu yoyote iliyomo kwenye kompyuta yaweza kubisha hodi pale, na namba ya mlango huenda imeshakaliwa na mwingine. Kwa wanaokaa chumba kimoja, bomba lenye jina (named pipe) la Windows linatosha, au soketi za ndani za Unix zilizoenea kutoka Berkeley mwaka 1983. Unasema nani aruhusiwe kuingia, na bomba la Windows ukilizuia lisipokee wa mtandaoni, maneno hayatoki nje ya kompyuta.

Hata hivyo bomba hubeba maneno kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika, kilichokuwa njiani kimepotea, na mwenye gunia bado amesimama mlangoni. Hapo ndipo nilipobadili swali. Nikaacha kuuliza njia ipi ina kasi. Gunia kupanda mizani huchukua muda mrefu kuliko ujumbe wowote. Nikauliza ipi inastahimili mmoja kuzimika mwenzake akiwa katikati ya sentensi.

Sasa mizani huandika kila uzito, pamoja na nambari yake ya pekee, kwenye hifadhidata ya SQLite, ambayo ama huandika rekodi nzima ama haiandiki kabisa. Bomba limebaki na kazi moja: kuigutua programu ya risiti, "kuna kipya." Hata mguto ukipotea, programu ya risiti ikiwaka hukagua yenyewe yale ambayo hayajachapwa. Na ikizimika baada ya kuchapa, kabla ya kuweka alama, risiti ya pili itatoka na nambari ile ile, na karani ataona mara moja kwamba ni gunia moja.

Kabla ya kuikabidhi tuliweka gunia kwenye mizani, nikasubiri uzito utulie kwenye kioo, nikachomoa waya wa umeme ukutani. Tukakaa kimya kidogo. Nikaurudisha, kompyuta ikaamka polepole, printa ikakohoa. Risiti ikatoka: 104.