Ratiba Inayojirusha: Sekunde, Saa na Pengo katika Chaneli Ndogo

Kurusha vipindi bila mtu kukesha mbele ya kompyuta hutegemea vitu vitatu: ratiba iliyopimwa kwa sekunde, saa isiyokosea, na cha kujazia pengo. Chaneli ndogo ya kuhudumia kata moja, tuseme Isevya mjini Tabora, huweza kuvipata vyote kwa kompyuta moja ya kawaida.

Programu za bure zipo. CasparCG ilibuniwa na SVT, shirika la utangazaji la umma la Uswidi, na imekuwa ikitumika hewani tangu 2006. Huendeshwa kwa amri za maandishi. Amri LOADBG hupakia video inayofuata nyuma ya ile inayoonekana. Ikiongezwa neno AUTO, video hiyo huingia yenyewe ya kwanza inapokwisha, bila skrini kuwa nyeusi. Programu ya ratiba hubaki na kazi moja: kutuma amri kwa wakati wake.

Kabla ya hapo kila faili hupimwa. Video za simu, ambazo nyingi hurekodiwa kwa fremu 30 kwa sekunde, hubadilishwa kuwa fremu 25, na sauti husawazishwa ili tangazo lisipige kelele baada ya mawaidha. Kisha huja hesabu. Kipindi cha dakika 26 na sekunde 40 kikipangwa kwenye nafasi ya nusu saa, huacha pengo la dakika 3 na sekunde 20. Matangazo matatu ya kata ya dakika moja moja na nembo ya sekunde 20 hulijaza kamili.

Kwenye saa ndipo wengi hukwama. Watu husema saa 2 usiku. Kompyuta husema 20:00. Anayeandika 02:00 ataikuta taarifa ya habari ikienda hewani saa 8 usiku, watazamaji wamelala. Dawa ni ratiba kuandikwa kwa saa za Kiswahili pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha programu ifanye ubadilishaji yenyewe.

Adhana ya Magharibi hudai uangalifu zaidi, kwa kuwa hufuata jua. Tabora iko magharibi mwa Dar es Salaam, na jua lake huzama takribani dakika 25 baadaye. Jedwali la Dar es Salaam halifai Isevya. Programu husoma jedwali la Tabora la siku hiyo, huifanya adhana kuwa nguzo isiyosogezwa, kisha huchagua vijazio vitakavyokwisha sekunde hiyo hiyo.

Jaribio la mwisho ni umeme. Ukikatika saa 2:07 usiku na kurudi saa 2:19, kompyuta inapaswa kujiwasha, kuulizia saa sahihi kwenye intaneti, na kuendelea na kipindi cha saa 2 kamili kuanzia dakika ya 19. Ikikianza upya kutoka mwanzo, ratiba yote ya usiku itachelewa. Ikikosa faili, irushe kijazio na kuandika kosa kwenye kumbukumbu, ili fundi alione asubuhi.

Kupanga yanayofaa kutazamwa hubaki kazi ya binadamu. Mashine hupewa kuhesabu dakika, na chaneli iliyozihesabu vizuri haimwachi mtazamaji wake gizani.